Masika ya Samaki Wengi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua bado. Kila masika huwa naandika siku inaponyesha mvua ya kwanza, kwa ajili ya shamba langu la Masanze, lakini mwaka huu nimefungua daftari nikiwa sina cha kuandika. Wingu linajikusanya juu ya milima kuanzia mchana, linakuwa jeusi kama sufuria ya shuleni, halafu linajiondokea. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanatazama dirishani kuliko ubaoni, nami siwagombezi, maana hata mimi natazama huko huko.

Bwawa la chuo nalo limenywea. Wakubwa wanasimulia kwamba lilipochimbwa kwa ajili ya mashamba ya chuo lilikuwa linamzamisha mtu mrefu. Siku hizi udongo wa vilimani unashuka kila mwaka na kulala humo, nyumba zimelizunguka pande zote, na maji yaliyobaki hayazidi kiuno. Leo nimemwona korongo amesimama mbali na ukingo, magoti yake makavu.

Mume wangu, Kasian, anavua humo. Hana mtumbwi, kwa sababu mtumbwi utakwama. Anatembea kwenye tope, wavu begani, beseni la plastiki limefungwa kwa kamba kiunoni, linamfuata nyuma kama mbwa. Alikuwa fundi nondo kwenye ujenzi wa reli mpya; kazi ilipoisha akanunua wavu. Leo beseni limerudi na perege wa kutosha kikaango kimoja. Tumekula sote: mimi, yeye, binti yetu Grace, na Lucy, mwanafunzi wa chuo anayepanga chumba chetu cha uani. Grace alinyonya vichwa mpaka vikabaki vyeupe.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu asubuhi. Kwaresima imeanza, na majirani zetu Waislamu wako kwenye mfungo tangu Jumapili. Mji mzima unataka samaki kwa wakati mmoja, na bwawa halina. Kasian amerudi na kambale mmoja. "Alikuwa amejichimbia kwenye tope kama mtu anayemkwepa mjumbe wa michango," akasema, lakini hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua bado.

Jumanne, 11 Machi

Bonifas amekuja. Ni rafiki wa Kasian tangu utoto wao huko Kisanga. Ana pikipiki, hununua samaki popote anapowapata na kuwakimbiza Mikumi, pale malori yanapopumzika kwenye barabara kuu. Mkewe, Monica, anakaanga samaki mbele ya geti la chuo.

"Shemeji," akaniambia, "samaki wapo. Wamelala tu chini ya tope. Anatakiwa mtu wa kuwaamsha."

"Uwaamshe kwa kengele?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Grace naye akacheka bila kujua anachekea nini, na hata Kasian akatabasamu. Nampenda Bonifas kwa hilo. Tangu kazi ya reli iishe, ni yeye tu anayeweza kumtoa mume wangu tabasamu. Wakaondoka pamoja kwenda kuangalia bwawa.

Jumamosi, 15 Machi

Kasian amerudi kabla chai haijachemka, beseni limejaa mpaka juu! Kambale wakubwa, perege, hata vifaranga vidogo kama kidole cha mtoto. Nikasema Mungu ni mkubwa. Akasema amebahatisha shimo.

Nikachukua kisu nichague wawili wa kwetu, akanishika mkono.

"Acha, wote hawa ni wa Bonifas. Ameshawaahidi watu wa Mikumi."

Tukala maharage. Tulikula kwa furaha, kama watu waliokula samaki.

Jumanne, 18 Machi

Beseni limejaa tena, mpaka ameazima la Mwanakheri, jirani yetu. Maharage.

Jumatano, 19 Machi

Mvua bado. Maharage.

Ijumaa, 21 Machi

Naipanoi ameleta maziwa. Yeye na mumewe, Yoramu, ni wafugaji wenye boma ng'ambo ya bwawa. Nikubali kwamba wafugaji siwapendi. Mwaka jana ng'ombe walilala kwenye mahindi yangu Masanze, na tangu hapo nikiona mfugaji amejifunga rubega moyo wangu unakunja ngumi. Naipanoi namvumilia kwa sababu maziwa yake hayana maji.

Leo hakuondoka baada ya kupima. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu, mbwa wetu wamekufa. Walikula samaki waliotupwa kando ya bwawa."

"Labda ni kichaa."

"Mbwa wa kichaa anakimbia. Hawa walitetemeka, wakatoa povu, wakalala. Mume wako yuko huko kila siku. Huko kuna nini?"

"Kuna tope," nikamjibu, nikafunga mlango.

Jumatano, 26 Machi

Kasian anatokwa na jasho hata akiwa amekaa kivulini. Tulikwenda kupima malaria, hana. Analalamika kwamba macho yanaona ukungu. Jioni alikuwa anashona wavu. Uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, mkono unamcheza. Nikamshonea mimi. Hakuniangalia muda wote huo. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

Nimemwambia apumzike japo wiki hii. Akasema samaki hawamsubiri mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepita kwenye geti la chuo kununua chaki. Wauzaji wamepanga meza zao kama kawaida. Mama wa mapapai alikuwa anapepea nzi kwa kipande cha boksi, anapepea na kutukana. Pembeni yake Monica ameweka samaki wabichi kwenye karai, wazi, hajafunika hata kwa gazeti. Juu yao hakukuwa na nzi hata mmoja.

Nilisimama pale nikijifanya natafuta chenji. Nzi mmoja alitoka kwenye mapapai, akazunguka juu ya karai, akarudi kwenye mapapai.

"Karibu Mama Grace," Monica akasema. "Nikufungie?"

"Leo hapana."

"Ninyi hamnunui, mnao nyumbani."

Nimefika nyumbani nikasahau kama nilinunua chaki. Sikununua.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mwanakheri ametuletea sinia la pilau. Kasian alipoinua kawa aliuliza, "Wameweka samaki?"

"Pilau ya samaki umeiona wapi wewe?"

Akacheka, akala sana. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Nimekuwa nikihesabu kichwani, sipendi lakini nahesabu. Kadiri anavyovua wengi, ndivyo tunavyokula maharage. Tangu beseni lianze kujaa, hakuna samaki aliyeingia kwenye sufuria yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Ndama wa Yoramu wamekufa, waliokunywa maji bwawani. Yoramu amekwenda kwa mtendaji wa kata kusema maji yana sumu. Wingu lilikuja, likaondoka.

Jumanne, 8 Aprili

Mji una namna yake ya kugeuza maneno. Yoramu alisema bwawani kuna sumu. Leo ofisi ya walimu nzima inasema aliyejua kuna sumu ndiye aliyeiweka. Eti wafugaji wamemwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe ili wavuvi waliache bwawa libaki la mifugo.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Bonifas amekaa na Kasian uani. Nikawasimulia. Kasian akainama, akaanza kukwangua tope kwenye kucha za miguu.

"Ni kweli, shemeji," Bonifas akasema. "Mimi mwenyewe nimewaona wakimwaga."

"Umewaona lini?"

"Hee! Unaniuliza kama polisi." Akacheka kile kicheko chake. Grace akacheka naye. Safari hii nilimwita Grace ndani.

Kama nisingewachukia wafugaji, ningeyaamini maneno yale? Naona nilikuwa nayataka yawe kweli. Nilikaa jikoni nikiyataka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua bado. Maji ya bwawa sasa hayafiki magotini upande wa chuo. Wanafunzi wanapita katikati kukata njia, viatu mkononi.

Jumatatu, 14 Aprili

Lucy anaumwa.

Nimerudi kutoka shuleni nimemkuta sakafuni chumbani kwake. Alikuwa ametapika, mate yanamtoka bila kikomo, jasho limelowesha gauni. Nikamshika uso, mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa kama nukta ya kalamu. Misuli ya mashavu inarukaruka yenyewe. Alijaribu kuniamkia. Mtoto wa watu, amelala kwenye matapishi yake, anajaribu kusema shikamoo mama.

Nilipiga kelele. Kasian akatoka chumbani, akasimama mlangoni, akamwona.

"Amekula kwa Monica?" akauliza.

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja chakula.

Bodaboda alitubeba, Lucy katikati yetu, kichwa chake kinanigonga bega. Hospitali tumewakuta wanafunzi wengine kutoka chuoni, wana hali kama hiyo, ingawa hakuna aliyezidiwa kama Lucy.

Jumatano, 16 Aprili

Daktari ni kijana, anaongea polepole. Amesema ni sumu, ya shambani au ya mifugo. Wanamtibu kwa kuangalia dalili, lakini hali inapanda na kushuka.

"Mama, zipo za aina nyingi," akaniambia. "Tukijua ni dawa gani hasa, tutajua tumpe nini na tumpe mpaka lini. Sasa hivi tunapapasa."

Mama yake Lucy yuko njiani kutoka Njombe. Amenipigia simu mara nyingi. Ananiuliza jambo lile lile: "Dada, alikula nini huko?"

Kasian hajakwenda bwawani tangu Jumatatu. Amelala, anasema kichwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kanisani watu walinong'ona wakati wa njia ya msalaba. Wanafunzi wa chuo na wavuvi wamesema kesho watakwenda kwa Yoramu. Hakuna aliyesema kwenda kufanya nini.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani. Naandika yaliyotokea jana, niyaandike yakiwa bado yananiuma, kabla sijaanza kuyatengeneza.

Jana asubuhi Bonifas alifika kwa pikipiki. Alikuwa ametoka bwawani yeye mwenyewe, miguu ina tope mpaka mapajani. Akatua beseni la samaki kwenye kivuli cha ukuta wetu.

"Naliacha hapa kidogo, shemeji. Nafuata barafu. Watu wa Mikumi hawajasikia habari za huku."

Aliyasema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, akawasha pikipiki akaenda. Nilibaki nimesimama na ufagio. Mikumi kuna watoto, nikawaza. Kuna madereva wanaokula wamekaa na makondakta wao, wanaokwenda Iringa, Mbeya, na watakaougulia njiani kusikokuwa na hospitali.

Nikachukua perege wawili kwenye lile beseni. Nikawakwangua magamba, nikawatia chumvi na ndimu, nikawakaanga vizuri kuliko nilivyowahi kukaanga samaki maishani mwangu. Nikanawa mikono mara mbili kwa sabuni. Nikampakulia Kasian ugali, nikaweka samaki juu ya sahani, nikamwita mezani.

Aliona sahani akasimama.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Kwenye beseni la Bonifas. Kaa ule."

"Sina njaa."

"Hujala tangu juzi. Kaa."

Akakaa. Akaishusha mikono yake chini ya meza.

"Joyce, umeanza nini?"

"Nimekupikia samaki, mume wangu. Wewe ni mvuvi. Kwaresima nzima mke wako hajakupikia samaki."

"Wafugaji wameharibu bwawa, wote tunajua. Sasa unataka nile sumu ya wafugaji?"

"Bonifas anawapeleka Mikumi. Kama wana sumu, kwa nini hukumzuia?"

Na hapo ndipo Grace alipoingia kutoka kucheza, ana vumbi mpaka kwenye kope. Akanusa. Akasema, "Samaki!" kwa ile sauti ya mtoto aliyenyimwa kitu muda mrefu. Akaja moja kwa moja mezani, akanyoosha mkono.

Mkono wangu ulikuwa karibu naye kuliko wa Kasian. Ningemshika bila hata kusogea. Sikumshika. Nilikuwa nimemkazia macho baba yake.

Vidole vya Grace vilishika mkia. Kasian alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akampiga Grace mkono, akaisukuma sahani ikaruka mpaka ukutani. Ugali ukabaki umeganda ukutani. Grace akalia. Kasian akapiga magoti, akamshika, akawa anamfuta vidole kwa shati lake, anafuta, anafuta, huku analia kuliko mtoto.

"Ni dawa gani?" nikamuuliza.

"Joyce—"

"Lucy anakufa. Ni dawa gani?"

Akasema. Ni dawa ya nyanya. Bonifas aliinunua kwa mtu, kichupa hakina karatasi ya jina, lakini jina analijua, na akalitaja. Wanaichanganya na pumba, wanatupa pale maji yalipo mafupi, wanasubiri. Samaki wanapanda juu, wanazunguka kama walevi. Ni kuwaokota tu. Bwawa lingekuwa na kina kama zamani, kichupa kile kisingefanya kitu, akasema, kana kwamba kosa ni la tope. Bonifas alimwambia kwamba samaki akitolewa matumbo na kukaangwa, dawa inaisha.

"Uliamini?"

"Niliamini."

"Kama uliamini, kwa nini hukutuletea?"

Aliangalia chini. Akarudi kuvifuta vidole vya Grace.

Nje tulisikia watu. Kundi lilikuwa linapita kwenda ng'ambo ya bwawa, wanafunzi, wavuvi, vijana wa sokoni. Wengine walishika fimbo, mmoja ameshika dumu.

Hospitali iko upande mmoja, boma la Yoramu upande mwingine. Mimi ni mmoja.

"Nakwenda hospitali kutaja jina la dawa," nikamwambia. "Wewe nenda ukawaambie hawa watu. Pita kando ya bwawa, utawatangulia. Waambie ni wewe. Kasian, unanisikia?"

"Nakwenda."

"Sema tena."

"Nakwenda, Joyce. Nakwenda sasa hivi."

Nilimpeleka Grace kwa Mwanakheri. Nikamwomba amwage lile beseni shimoni na asimguse mtu wala paka kabla ya kunawa. Nilipogeuka nikamwona Kasian anashuka kwenye njia ya bwawa, anakwenda upesi. Nilimwona kwa macho yangu. Nikapanda bodaboda.

Daktari aliandika jina la dawa kwenye kiganja chake, akakimbia.

Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi. Sijui nilikaa kwa muda gani. Kilichonitoa pale ni moshi. Niliuona juu ya paa za chuo, upande wa ng'ambo, moshi mweusi wa nyasi na ngozi.

Kasian hakufika bomani. Wamemkuta amekaa ukingoni mwa bwawa, miguu ndani ya tope, mate yanamtoka, hawezi kusema. Aliyemkuta alidhani ni mgonjwa mwingine wa sumu ya wafugaji.

Jumatatu, 21 Aprili

Kwa Yoramu wamechoma nyumba zote na zizi. Yeye alikataa kukimbia, akasimama mlangoni kwake akiwaambia waende kwa mtendaji, wasome alichoandikisha. Wamemvunja mkono na mbavu. Polisi wamefika, nimewaeleza kila kitu, nimetaja jina la mume wangu na la Bonifas. Askari aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike.

Yoramu na Kasian wamelazwa wodi moja ya wanaume. Askari amekaa kwenye kiti katikati yao. Kasian amelala akielekea ukutani.

Jumanne, 22 Aprili

Lucy amefumbua macho. Mama yake alinikumbatia kabla hajajua mimi ni mke wa nani. Nikamwambia. Mikono yake ikaniachia, mmoja baada ya mwingine.

Nje ya wodi ya wanaume nikamkuta Naipanoi amekaa chini na kibuyu cha maziwa. Nikakaa karibu naye. Nikasema pole, neno tunalosema hata mtu akijikwaa.

"Mwalimu, ulijua lini?"

"Jumamosi."

Akafunga kibuyu vizuri.

"Siku ile nilipokuja kwako kukuuliza," akasema, "ulifunga mlango haraka."

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Imeanza kabla ya mapambazuko na haijakata mpaka sasa naandika. Watu wametoka kusimama barazani kuitazama. Maji mekundu yanashuka kutoka vilimani yakiwa na udongo, yanaingia bwawani. Mwanakheri amesema itasafisha kila kitu. Itasafisha kuelekea wapi? Bwawa likijaa linamwagikia mtoni, na mtoni kuna watu wanaochota.

Mtendaji amepita na kipaza sauti akikataza samaki na maji ya bwawa. Hatukusikia vizuri kwa sababu ya mvua.

Jumapili, 4 Mei

Bonifas amekamatwa Mikumi. Wanasema alikuwa anakula chipsi, akawachekesha hata askari.

Lucy ameruhusiwa. Miguu bado ni mizito na kalamu inamponyoka. Amefunga mizigo yake, mama yake akiwa amesimama mlangoni hajaingia. Lucy aliniaga kwa heshima, "Shikamoo mama, tutaonana." Hatutaonana.

Yoramu ametoka hospitali. Familia imehama, wengine wanasema Kisanga, wengine wanasema mbali zaidi. Nilikwenda bomani na mahindi na blanketi. Nimekuta majivu yaliyoloa, na alama za kwato zimejaa maji ya mvua.

Jumatano, 7 Mei

Kasian amehamishiwa mahabusu. Kabla hajatolewa nilipata nafasi ya kumwuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu siku ya moshi.

"Ulisema unakwenda. Kwa nini ulikaa?"

"Miguu ilikataa, Joyce. Nilifika pale ikakatika kama si yangu. Nilitaka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito."

Nikamfuata daktari, nikamwuliza kama inawezekana.

"Damu yake ilikuwa na sumu nyingi," akasema. "Aliikanyaga kila siku, imeingia kwa ngozi. Inalegeza misuli. Ndiyo, inawezekana."

Inawezekana. Nilimshukuru. Nimetembea mpaka nyumbani na neno hilo. Lakini nilimwona akishuka ile njia, alikuwa anakwenda upesi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Shule imevuja.

Jumanne, 13 Mei

Bwawa limejaa mpaka kwenye ukuta wa chuo, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wataalamu walikuja na chupa, wakachota, wakaondoka, majibu hayajarudi. Leo alfajiri nimewaona watu wawili ndani yake na wavu, maji yakiwafika kiunoni. Niliwapigia kelele kutoka ukingoni. Mmoja alinipungia mkono, akidhani namsalimia.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepanda mahindi yangu kwa kuchelewa, nikiwa peke yangu. Nimerudi nimechoka nikapika wali na maharage, nikampakulia Grace.

Hakuanza kula. Siku nyingi sasa hasemi habari za baba yake, wala haulizi yuko wapi. Haulizi kwa nini alipigwa mkono. Ananitazama tu. Nilidhani ni huzuni, nikamwambia ale kabla hakijapoa.

Akaisukuma sahani upande wangu, polepole, kwa vidole viwili.

"Onja wewe kwanza, mama."

Nilichukua kijiko. Nikala. Alikuwa ananitazama kooni, na hakushika chake mpaka alipohakikisha nimemeza.